Hakuna la Haraka

Pale ofisi ya maji walimwita Chapchap, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ungemwona asubuhi anavyopanda ngazi mbili mbili, shati limechomekwa, kalamu imebanwa sikioni, ungedhani mji mzima umeshika ndoo unamngoja yeye. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu najua tunakokwenda, na najua mkifika katikati mtatamani kumzaba kibao. Alikuwa mtu wa haraka tu, na haraka yake ilikuwa na mahali ilipoanzia.

Ilianzia kwa dada yake. Mama yao alifariki Chapchap akiwa hajajua kufunga vifungo, baba naye hakukawia kumfuata, na dada akabaki na cherehani ya marehemu mama, chumba kimoja cha kupanga, na mdogo wa kiume aliyekula kama ana ugomvi na sahani. Dada wakati huo alikuwa msichana mbichi, ana mchumba wake, dereva wa lori, mtu wa kueleweka kabisa. Mchumba akasema mtoto apelekwe kwa ndugu wengine. Dada alimsikiliza mpaka akamaliza, akainuka, akamrudishia suruali aliyokuwa anampunguzia kiunoni, pini zikiwa bado zimo, akamwambia nenda salama. Hakuolewa tena. Jambo lenyewe hakulizungumza, na mdogo wake hakuuliza.

Akamlea kwa sindano. Alishona sare za watoto wa watu, na kwa vipande vilivyobaki akamshonea wa kwake. Ndipo likapatikana lile shati la shule. Mgongo na kifua vilitoka kwenye kitambaa cheupe pe, mikono ikatoka kwenye kitambaa kingine, cheupe nacho, lakini kina unjano kidogo. Dada akaliinua juu, akaligeuza, akaona limetoka. Chapchap alipofika shuleni wenzake wakamwuliza mikono ameazima kwa nani. Tangu siku hiyo akawa analivalia sweta juu, jua liwake lisiwake, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Dada akimwuliza mbona sweta, anasema anasikia baridi. Dada hakubisha. Lakini jamani, fundi gani asiyejua nguo yake ikifichwa?

Basi mtoto akajifunza haraka: kula haraka, kusoma haraka, kutoka kwenye kile chumba haraka. Akafaulu, akapata kazi mji mkubwa, akaoa mwanamke mwenye akili na ulimi wake, wakajaliwa watoto. Dada alibaki kulekule na cherehani yake. Wala si mbali. Ukipanda basi la asubuhi, chakula cha mchana unakula kwake. Ila mtu akishakuwa na shughuli, hata chumba cha pili kwake ni safari.

Sasa niwaeleze ile kazi. Chapchap alikuwa dawati la malalamiko, chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa kulalamika yenyewe, meza zinazotazamana, na nyuma yake stoo ya mita mbovu. Kazi yao ilikuwa kusoma ujumbe wa wateja unaoingia kwa simu, kujibu, na kuwatuma mafundi. Na mnajua wenyewe jinsi tunavyolalamika sisi. Hakuna anayeanza na shida. Mtu atakusalimu kwanza, atauliza habari za kazi na za nyumbani kwako ambako hajawahi kufika, atakwambia yeye na watu wake hawajambo, wanashukuru, mvua imenyesha, na baada ya hayo yote, akiwa kama anashika kitasa aondoke, ndipo anasema: ila bomba letu. Ila ile bili. Mtu nyumba yake inawaka, ukimpigia ukamwuliza habari, atakujibu nzuri tu, ila kuna moshi kidogo. Tumelelewa hivyo, na tumelelewa pia kumngoja mwenzetu mpaka afike huko kwenye moshi.

Ofisini kungoja kulikuwa kumepitwa na wakati. Mkuu wa kitengo, mama mmoja nadhifu waliyemwita Madam Tija kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake, alikuja siku moja na wageni wawili wenye kompyuta nyembamba.

"Jamani, hii ni akili mnemba," akawaambia. "Haijaja kumfukuza mtu. Itasoma ujumbe wote, ituambie kwa kifupi nani anataka nini, na yale madogomadogo itayajibu yenyewe. Nyie mtapumua."

"Inakula?" akauliza karani wa bili, mama mnene asiyeishiwa maneno.

"Haili."

"Hailali, haili, ina adabu, na hakuna ruhusa ya kuigombeza," akasema karani. "Basi huyu ni mkwe."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na jina likashika. Ikawa Mkwe kafanya hivi, Mkwe kasema vile. Na msinielewe vibaya, Mkwe alikuwa mchapakazi kweli. Kazi iliyokuwa inawafikisha jioni na migongo inawauma, sasa ilikuwa inamalizika kabla ya chai. Watu walianza kurudi nyumbani jua likiwa bado lipo, wakiwa na nguvu za kucheza na watoto. Hilo lilikuwa jambo jema, na nani angelikataa?

Lakini Mkwe alihitaji kufundishwa, na Madam Tija akamchagua Chapchap. Akampa rundo la ujumbe wa zamani amwoneshe Mkwe kipi ni shida na kipi ni maneno ya njiani. Mtu mwingine angechukua wiki nzima. Chapchap aliangalia mwanzo, akaona karibu wote wanaanza kwa salamu na shukrani, na wengi kweli hawakuwa na jingine, walikuwa wanashukuru tu kwa kutengenezewa bomba. Akatunga kanuni yake. Mtu akisalimu, akasema hajambo, na asitumie neno kama naomba au nataka, huyo hana shida. Ashukuriwe, akaribishwe tena, ujumbe ufungwe. Akampa Mkwe ile kanuni, Mkwe akamjibu asante kwa maelekezo.

Hesabu za kitengo zikapanda zenyewe. Madam Tija akawa anatembea kama bibi harusi.

Halafu akaja mwalimu mmoja mstaafu. Mzee msafi, kola imepigwa pasi, mkononi ana ndoo tupu. Akasalimu dawati zima, mmoja mmoja, akapokea shikamoo zake, akauliza watoto wote, kisha akasema, "Nimekuja kuwashukuru, wanangu. Kila nikiwaandikia mnanijibu kwa adabu kubwa. Mnaniambia asante kwa salamu, karibu tena. Sasa nimeona nije mwenyewe, maana nimechoka kukaribishwa."

Karani wa bili alicheka mpaka akashika meza. Chapchap akautafuta ujumbe wa mwalimu, akausoma. Huku mtaani tunaendelea vizuri, afya zipo, tunamshukuru Mungu, ila maji yenu siku hizi yametususa. Ndiyo hivyo tu. Hakuomba wala hakutaka. Mafundi walitumwa papo hapo, mwalimu akasindikizwa mpaka nje, na Chapchap akaenda kwa Madam.

"Madam, Mkwe anakata mkia wa ujumbe. Shida ya mtu iko mkiani."

"Ni wengi wako hivyo?"

"Wapo wapo. Nikikaa naye kidogo nitamrekebisha."

"Kaa naye ukipata nafasi," akasema Madam. "Tusiharibu tija kwa ajili ya mmoja mmoja."

Nafasi hakuipata, kwa sababu hakuitafuta. Wiki hiyohiyo walimpa cheti cha mfanyakazi hodari, picha yake ikabandikwa ukutani karibu na mlango, amebana tabasamu kama mtu aliyeambiwa asipumue. Kila akipita anaitupia jicho. Akavimba kichwa, tusifichane. Kisa cha mwalimu na ndoo akakifanya kichekesho, akawa anakisimulia kwenye sherehe, na watu wanacheka kweli.

Na mtu akishaonja wepesi, anautaka kila mahali. Ofisi iliruhusu wafanyakazi wamweke Mkwe kwenye simu zao, na Chapchap akamfungulia milango yote: kamati za harusi, wazazi wa darasa la mwanawe, ndugu wa karibu na wa mbali. Na dada. Kanuni ni ileile aliyoitumia kazini, hakuona haja ya kutunga nyingine.

Dada siku hizo alikuwa ameacha kuandika. Zamani aliandika ujumbe wake mwenyewe, mrefu, hauna nukta wala mkato, ukiusoma unaishiwa pumzi. Ghafla akaanza kutuma sauti. Chapchap akamwambia mkewe, "Umeona? Dada mkubwa naye kaingia mambo ya kisasa." Hakujiuliza ni kwa nini mtu aliyependa kuandika ameacha kuandika. Na zile sauti, sikwambii, unaweza kuosha vyombo vyote ukavifuta na yeye hajamaliza kuuliza watoto. Mkwe alizisikiliza zote bila kuchoka, akamwandikia bwana wake mstari mmoja: Dada anakusalimu. Hajambo. Hakuna la haraka.

Chapchap akisoma hapo moyo unatulia, anaendelea na shughuli.

Majibu nayo Mkwe aliyatengeneza. Mwanzoni Chapchap aliyasoma kabla hayajaondoka, akashangaa jinsi yalivyo mazuri. Mkwe alijua kumwita dada yangu mpenzi. Alijua kumwambia bila mikono yako mimi nisingekuwa mtu. Maneno ambayo Chapchap mwenyewe hakuwahi kuyatoa mdomoni tangu azaliwe, si kwamba hakuyajua, alikuwa anayaonea aibu. Baada ya muda akaacha hata kuyasoma. Yakawa yanakwenda yenyewe.

"Wifi yangu umempigia?" mkewe alimwuliza asubuhi moja, anamkatia mtoto mkate.

"Nimemjibu."

"Nimeuliza umempigia."

"Mama watoto, si nimemjibu? Tena vizuri. Hebu soma."

Mkewe akaifuta mikono, akaichukua simu, akasoma. Akasoma tena.

"Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu. Mkwe kanisaidia kuandika tu."

"Mh," mkewe akasema. "Wifi akijua, usinitaje." Akarudi kwenye mkate wake, na Chapchap akacheka, akambusu mtoto, akatoka mbio.

Simu iliingia mchana, siku ambayo Chapchap amesimama mbele ya wageni kutoka matawi mengine, anawaeleza jinsi dawati lake lilivyoongeza tija. Namba haijui. Akaikata. Ikaita tena. Akaomba radhi, akatoka kwenye korido.

"Hujambo, kaka?" Sauti ya mwanamke. "Mimi jirani yake dada yako, muuza mkaa."

"Sijambo. Sema, dada."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote, sema tu, niko kikaoni."

"Haya. Na sisi huku hatujambo, tunashukuru. Ila dada yako amejishona kidole."

"Amejishona vipi?"

"Na sindano ya cherehani. Imeingilia kwenye ukucha ikatokea chini. Tumeitoa, kidole kimefungwa, amelala. Lakini njoo, kaka. Mtu haoni, atashonaje?"

"Nani haoni?"

"Kaka," muuza mkaa akasema polepole, "mimi nimekaa naye kwenye benchi moja akikuambia kwa mdomo wake. Na majibu yako ni mimi ninayemsomea, maana herufi hazioni. Tena anataka nimrudie mara mbili mbili. Mimi nikamwuliza, huyu mdogo wako mbona ana maneno matamu hivi, na la macho haligusi? Akaniambia niache, mwanaume huyo, ana njia yake."

Chapchap hakurudi kikaoni. Aliingia stoo ya mita, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi, akazifungua zile sauti. Zilikuwa zote zipo, Mkwe hakutupa hata moja.

Dada alikuwa anaanza vilevile siku zote. Hujambo baba, wifi yangu hajambo, watoto hawajambo, kazi inakwendaje, mimi huku sijambo kabisa, namshukuru Mungu. Halafu majirani, halafu mvua, halafu nani kazaa na nani kahama. Halafu anavuta pumzi. Ila siku hizi uzi unanikataa, nikiupeleka kwenye tundu la sindano unapita pembeni. Katika nyingine anacheka kidogo. Ila taa za huku siku hizi zimevaa duara la rangirangi, au wametubadilishia taa? Katika nyingine anasema anatembea anagonga vitu vya pembeni, kama mtu kamfungia pazia huku na huku. Ila usihangaike, baba, una kazi.

Na katika moja, sauti imeshuka, anasema: wanasema huko mjini kwenu kuna daktari mzuri wa macho. Wanasema tu.

Loh! Aliyelelewa na mwanamke huyu angehitaji aambiwe nini tena? Dada huyu hakuwahi kuomba kitu maishani mwake. Wanasema tu, kwake, ilikuwa ni kupiga magoti.

Akatazama Mkwe aliandika nini siku hiyo. Dada anakusalimu. Hajambo. Ametaja daktari wa macho aliye mjini. Hakuna la haraka. Mkwe hakuficha, neno macho lilikuwapo. Na alama ilionesha kwamba Chapchap aliusoma. Alijaribu kukumbuka alikuwa anafanya nini wakati anausoma, asikumbuke. Akashika kichwa, akalia pale katikati ya mita zilizokufa, akilia kwa sauti, mpaka karani wa bili akaja kugonga mlango akiuliza kuna nini.

Alimfuata dada kesho yake asubuhi. Alimkuta amekaa mlangoni, kidole kimefungwa kitambaa, uso ameuelekeza njiani. Akasimama mbele yake, hatua chache tu, akidhani atamwona. Dada akaendelea kutazama njia.

"Dada."

"Ala! Baba!" Akainuka mzimamzima, mikono mbele, ikamtafuta begani, shingoni, masikioni. "Umekuja! Hujambo? Umekula?"

Daktari wa macho alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliozidi kumchoma Chapchap. Akawaeleza kwamba ni presha ya macho. Hii haipigi hodi, haiumi, inachukua polepole ikianzia pembeni. Ukiiwahi unaisimamisha pale ilipofika. Ilichokwisha kuchukua hairudishi. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili limebakiza mwanga kidogo, ataona kwamba kumekucha, basi.

"Mama, wakati inaanza hukumwambia mtu?" daktari akauliza.

Chapchap akafungua mdomo. Dada akamwahi.

"Sikusema vizuri, daktari. Kosa langu mwenyewe. Mimi nikianza kuongea nazunguka sana."

Mara ngapi Chapchap ameisikia sentensi hiyo tangu siku ile, hata mimi siwezi kuwaambia. Anaisikia anapooga. Anaisikia ofisini, feni ikizunguka.

Aliporudi kazini, jambo la kwanza alikaa mbele ya Mkwe kumrekebisha. Akamwandikia kwamba watu wetu wakisema hawajambo, wasikilizwe mpaka mwisho, shida huja baadaye. Mkwe akamjibu asante kwa maelekezo, na akaanza kufanya hivyo papo hapo, bila kosa. Ilikuwa sentensi moja tu. Foleni ya malalamiko ikarefuka, hesabu zikashuka, Madam Tija akanuna, na picha ya ukutani ikaja kubadilishwa akawekwa mtu wa tawi jingine. Chapchap hata hakuona ilipoondolewa.

Dada alihamia kwao. Cherehani ilikuja naye, ikawekwa chini ya dirisha la sebuleni, naye akawekewa kiti pembeni yake. Asubuhi atalipapasa gurudumu, atalizungusha kidogo bila uzi, atalisimamisha. Wifi yake alimpenda, walipiga soga mchana kutwa, kicheko chao unakisikia tangu getini. Na kila jioni Chapchap akiingia, dada husikia viatu, huuliza, "Hujambo baba?" Naye hujibu, halafu humwuliza, "Wewe dada, hujambo?" Na dada husema, "Sijambo kabisa, namshukuru Mungu. Ila chai ya leo wifi kanipunja sukari." Au ila kiti hiki kinanifinya. Au ila leo nimeota nashona. Vitu vidogovidogo. Chapchap alikuwa anavikimbilia vyote, sukari, mto wa kiti, chochote, kama mtu anayelipa deni.

Ikafika Jumapili moja. Watoto wametoka kucheza, mkewe anakunja nguo, dada amekaa kwenye kiti chake.

"Baba," akasema, "nataka uniambie kitu kwa mdomo wako. Jirani alinisomea, lakini kusomewa si sawa. Niambie lile la shati."

"La shati gani, dada?"

"Usinionee aibu. Lile shati lako la shule, la mikono tofauti. Nilikuuliza kama unalikumbuka, ukaniandikia kwamba ulilivaa kwa fahari. Kwamba kila ukilivaa ulijua kuna mtu anakupenda." Akacheka, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Miaka yote hii, nikikumbuka lile sweta, moyo unaniuma. Najisemea, mtoto wa watu nilimtia aibu. Kumbe! Siku hiyo niliyosomewa, sikula, nilishiba. Niambie tena, kwa sauti yako."

Mkewe aliacha kukunja nguo. Alimtazama mumewe, na Chapchap akajua kwamba mkewe anajua.

Angeweza kusema. Maneno machache tu, mepesi, na dada angefurahi, na hakuna mtu mbinguni wala duniani ambaye angemlaumu. Alifungua mdomo ayaseme. Lakini alikuwa ameshika simu mkononi, alikuwa anaitafuta ile sentensi asije akaikosea, na akajiona mwenyewe anavyoitafuta. Akaiweka chini.

"Dada, sikuandika mimi."

"Aliandika wifi?"

"Hapana. Ni ile mashine ya kazini. Ilikuwa inakusikiliza badala yangu, na kukujibu badala yangu. Mimi sikuwa nasikiliza. Ndiyo maana la macho sikulijua."

Kidole cha dada chenye kovu kikawa kinatembea kwenye ukingo wa cherehani, kinakwenda, kinarudi.

"Hata lile la shati?"

"Hata lile."

"Na yale ya kwamba bila mikono yangu..."

"Hata hayo, dada. Lakini ni kweli. Hayo ni kweli, basi tu sikuyasema mimi."

"Na sweta?"

Jibu hakulingoja. Dada akatikisa kichwa taratibu, akielewa, akielewa na lile la sweta pia.

"Haya," akasema. "Asante kwa kuniambia." Akaomba wifi yake amsindikize chumbani, akajilaza.

Hakumkasirikia. Ingekuwa nafuu angemkasirikia, angemtukana, angerusha hata kikombe. Kesho yake aliamka akaongea na watu wote, akacheka na wifi yake kama kawaida. Anacheka naye mpaka leo, na huyo wifi ndiye anayemwambia yote, sukari, kiti, ndoto.

Jioni Chapchap anaingia. Siku hizi hapandi ngazi mbili mbili. Dada anasikia viatu.

"Hujambo baba?"

"Sijambo, dada. Wewe hujambo?"

"Sijambo kabisa, namshukuru Mungu."

Halafu basi. Chapchap anasimama palepale mlangoni, mkoba begani, anamtazama mdomo, anangoja. Dada amenyamaza, uso ameugeuzia dirishani kwenye ule mwanga wake kidogo. Anangoja mpaka mkewe amwite mara ya pili kwamba chakula kinapoa, ndipo anavua viatu.